Zuio Juu ya Shamba la Mama

Baba yangu alikuwa Mkaguru wa Gairo aliyeoa milimani, na kwa desturi za ukoo wa mama hilo lilimfanya kuwa mgeni wa kudumu. Kwetu Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mwanamume akioa kwetu anaonyeshwa pa kulima kwa heshima ya mkewe. Atajenga, atazaa, atazeeka hapo, lakini shamba litabaki kuwa la ukoo wa mke na msemaji wake atakuwa mjomba. Mke akitangulia kufa, ukoo unamtazama yule mgane. Kama jembe lake linafanya kazi na watu wamemzoea, anaachwa aendelee. Akiliacha shamba likaota magugu misimu kadhaa, inahesabiwa kwamba ameaga mwenyewe, na ardhi inarudi kwa ukoo ili apewe mwingine. Hili halijaandikwa popote, lakini kila mtoto wa kijijini kwetu analijua.

Tulipomaliza arobaini ya mama, mjomba, kaka yake mkubwa, alimwambia baba mbele ya watu, "Shemeji, kaa. Jembe lako tunaliona." Baba akainamisha kichwa, akashukuru. Kesho yake alikuwa shambani anapalilia maharage. Alikuwa amefika umri ambao mtu haanzi tena maisha kwingine, na Gairo hakuwa na wa kumrudia. Wazazi walishakufa na ndugu walitawanyika. Alichotaka kilikuwa kidogo, na alikisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza: abaki pale, alime pale, azikwe karibu na mkewe.

Mimi sikulia kwenye msiba ule. Watani wetu, Wakaguru wenzake baba, walikuja na vituko vyao, mmoja akajilaza mlangoni akisema maiti haitoki mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Mimi nilisimama pembeni nimeshika beseni la maji. Mama mdogo akaniuliza kama naumwa, nikasema siumwi. Nilikuwa na ganzi tu, na nilidhani itaisha tukishazika.

Ili mtu aelewe yaliyofuata, lazima amjue baba na kusubiri kwake. Zamani alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, enzi ambazo king'ora cha kiwanda kilikuwa saa ya mtaa mzima. Ukaja ubinafsishaji. Wafanyakazi waliambiwa wakae nyumbani, mwenye mali mpya akishajipanga wataitwa. Wenzake walisubiri kidogo, wakaona hewa, wakaenda zao. Huyu akauza mitumba, yule akafungua banda la chipsi. Baba aliendelea kuamka alfajiri na kuvaa ovaroli lake, anakaa kibarazani na chai ya rangi, ili wakiita wamkute tayari. Mama alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Siku moja akafunga vyombo kwenye magunia akamwambia, "Twende kwetu ukalime, la sivyo utaota mizizi hapo kibarazani." Ndivyo baba alivyopanda mlimani.

Na mlimani alifaa. Alijifunza kulima kwenye mteremko, jambo ambalo mtu wa Gairo, aliyezoea mahindi na karanga za tambarare, hulicheka kwanza kisha hulilia. Alipanda magimbi bondeni, migomba katikati, maharage na njegere juu, na kwa idhini ya mjomba miti michache ya mdalasini mpakani. Kijiji kilimwita Mkaguru mpaka watu wakasahau kama ana jina lingine. Walimtania kwamba Wakaguru hawajui kuoga, naye akawajibu kwamba Waluguru wanaishi mlimani kwa sababu walikuwa wanakimbia deni la ndizi. Maisha yake yakawa hayo, na alikuwa na furaha nayo.

Mimi nilibaki mjini. Nilisoma, nikapata kazi ya afisa mipango katika ofisi moja ya serikali. Tulioanza kazi miaka ile tulikuta vitu vingi vya umma vikiuzwa, na tulipokaribia kumaliza vya kuuza tukaambiwa sasa tujifunze ubia. Sheria ikatungwa ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi. Tukapelekwa semina Mzumbe, tukapewa mikoba ya kitambaa na maandazi ya saa nne. Mkufunzi alieleza vizuri: serikali haina uwezo wa kujenga kila kitu, kwa hiyo mtu binafsi atajenga, ataendesha, atajirudishia gharama zake kwa miaka kadhaa, kisha atakabidhi mali kwa umma. Niliandika yote. Ilikuwa sheria ya maana, na bado nadhani hivyo. Nilipenda hasa sura iliyogawa majukumu, nani atabeba hatari ipi. Kila hatari ilikuwa na mwenyewe.

Haukupita muda mrefu, mama akiwa ameshafariki, likaja wazo la kujenga banio la kukinga maji na tangi kubwa kwenye kijito kinachopita chini ya shamba la mama, ili mji upate maji ya uhakika. Mradi haukuwa wa ofisi yetu. Kulikuwa na kampuni iliyokuja yenyewe na pendekezo lake, na kulikuwa na mamlaka iliyolipokea. Mimi nilisikia kama wengine walivyosikia. Kisha wapimaji wakapanda na wathamini, wakahesabu migomba, wakapima nyumba, na kijana mmoja mwenye kopo la rangi akachora alama nyekundu kwenye kuta za nyumba na kwenye mawe ya mipaka. Mashamba yaliyoguswa hayakuwa mengi. La mama lilikuwa mojawapo, na nyumba ndani yake.

Tangazo lilisomwa mbele ya ofisi ya kijiji, baba akiwa amesimama mstari wa mbele na kofia mkononi. Kuanzia siku ile, kwenye maeneo yenye alama ilikuwa marufuku kulima upya, kupanda, kujenga wala kukarabati, mpaka fidia ilipwe na mradi uanze. Msomaji alisema ni suala la miezi. Watu wakauliza maswali yao, wakajibiwa, wakatawanyika, na asubuhi iliyofuata wote wakaenda kulima kama kawaida. Walijua serikali yao. Aliyekuwa na mahindi alipanda mahindi, aliyekuwa na kabichi alipanda kabichi, na mwenye nyumba inayovuja alipanda juu na kuziba bati huku alama nyekundu ikimtazama.

Baba hakulima.

Nilipopanda Jumapili nikamkuta anafagia uwanja ambao ulikuwa tayari umefagiliwa. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mama," maana ndivyo alivyozoea kuniita. Nikamuuliza mbona maharage hayajapandwa na mvua za vuli zimeshaanza.

"Si wamezuia?" akasema.

"Wenzako wote wamepanda, baba."

"Wenzangu wako kwao."

"Hakuna atakayepanda mlima huu kuja kukukamata kwa ajili ya maharage. Lima."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe unakula mshahara wa serikali, halafu unanifundisha kuvunja amri yake? Huko Mzumbe mlikwenda kusoma nini?" Alikuwa anatania, lakini si utani wote. Akaweka ufagio chini. "Sikiliza, mama. Mimi ni mkwe hapa. Mluguru akivunja amri, amevunja amri. Mimi nikivunja, likitokea la kutokea watasema Mkaguru ndiye aliyeuletea ukoo balaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

"Na ukoo ukiona shamba limelala?"

"Ukoo ulikuwepo tangazo linasomwa. Mjomba wako alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa. Wanajua."

Alikuwa ameshikilia heshima kwa mikono yote miwili, ya serikali mkono mmoja na ya wakwe mkono mwingine, na hakuona kwamba zinamvuta pande mbili. Nilikasirika. Nikamwambia utii mwingine ni ujinga, nikajuta hapo hapo, naye akaenda jikoni kunichemshia magimbi kama hakusikia.

Ile miezi haikuwa miezi. Kwanza tuliambiwa upembuzi yakinifu wa kampuni haukukamilika. Kisha kanuni za sheria zikatoka, nazo zikataka mambo ambayo pendekezo halikuwa nayo. Kisha sheria yenyewe ikafanyiwa marekebisho. Kitengo kilichokuwa kinaratibu miradi ya ubia kikaunganishwa na kingine, faili zikahama. Idhini iliyokuwa inatolewa mlango huu ikawa inatolewa mlango ule. Miradi inayoibuliwa na mwekezaji mwenyewe ikawekewa njia yake, tofauti na ile inayoibuliwa na serikali, na iliyokuwa katikati ya safari ikatakiwa ijieleze iko njia gani. Kila marekebisho yalikuwa na sababu. Nilikaa kwenye semina zake, nikasikiliza sababu hizo, na sikuweza kumlaumu mtu. Waliotunga walikuwa wanaziba matundu waliyoyaona. Shamba la mama halikuwa tundu, kwa hiyo halikuonekana.

Kila baada ya semina nilipanda mlimani kumpa baba habari. Alinitengea kiti, akakaa kwenye gogo, akasikiliza kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari, bila kukatiza. Nilimwambia muswada umesomwa. Nilimwambia marekebisho yamepita. Nilimwambia kanuni mpya zinasubiriwa. Nilipomaliza aliuliza swali moja, daima hilo hilo: "Kwa hiyo zuio limeondolewa?" Nikasema bado. Akasema, "Haya, tutasubiri," tukala. Nakumbuka nilikuwa nikiyasema maneno yale ya ofisini, uibuaji, uidhinishaji, ushindanishaji, na mdomo wangu ulikuwa ukienda wenyewe. Sikuhisi huruma wala hasira. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu, anauona ni wake lakini akiushika haupo.

Mikono yake ilimwasha. Alianza kwenda kuwasaidia watu kwenye mashamba yasiyo na alama. Alimpalilia jirani, akamchimbia bibi mmoja mashimo ya migomba, akashinda na wengine kwenye kuvuna njegere. Walimpa mkungu wa ndizi au kikapu cha magimbi, akarudi nao amebeba begani, akapita katikati ya shamba lake mwenyewe lililokuwa limeota majani mpaka kiunoni. Watani walimwona wakachekelea: "Mkaguru anaogopa rangi!" Naye akawajibu, "Rangi ya serikali haiogopwi, inaheshimiwa." Walicheka wote. Migomba ikazeeka bila kupunguzwa machipukizi. Ngedere wakazoea kushuka mchana. Kijito kikaendelea kwenda zake, hakuna aliyekuja kukijengea chochote.

Nilimuuliza mwenzangu mmoja wa mamlaka ile, tukiwa kwenye foleni ya chai, kama wangeweza angalau kuondoa zuio wakati wakisubiri. Alikuwa mtu mwema, tulisoma pamoja. Akasema kuondoa zuio ni kukiri mradi umekufa, na mradi haujafa, uko kwenye mapitio. Akaniwekea andazi kwenye sahani yangu. Nikalila.

Wa kwanza kusema alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Huyu alikuwa na watoto wengi na shamba dogo la kwenye mawe, na mume aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi akapata mke. Si mtu mbaya. Alimtunza mama yangu siku zake za mwisho kuliko nilivyomtunza mimi. Alikwenda kwa mjomba akamwambia waziwazi kwamba ardhi ya marehemu imelala, mgane ana nguvu za kulima kwa watu wote isipokuwa hapo, na watoto wake yeye wanalala njaa wakitazama majani. Mjomba akaita kikao cha ukoo.

Tulikaa sebuleni kwa mjomba, kwenye viti vya plastiki, televisheni ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Baba alivaa shati lake la sikukuu. Alisalimia kila mtu kwa cheo chake, akakaa karibu na mlango, mahali pa mkwe.

Mjomba hakuzunguka. "Shemeji, siku ile nilisema jembe lako tunaliona. Sasa hatulioni. Sema wewe mwenyewe."

Baba akasimama. "Mimi sijaliacha shamba. Nimezuiwa na serikali. Mlikuwepo."

"Serikali ilizuia na sisi," mjomba akasema. "Shamba langu la chini lina alama mbili. Nimelima. Huyu ana alama, amelima. Yule ana alama, amelima mpaka kwenye alama. Mbona zuio limekukamata wewe peke yako?"

"Niliogopa kuwaletea matatizo."

"Matatizo gani?"

Baba akanigeukia. "Mama, waelezee sheria. Wewe unaijua."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama vile ninavyosimama kazini, mikono mbele, sauti ya kikao. Nikaueleza ukoo wangu ubia ni nini. Nikaeleza mbia ni nani, serikali inabaki na nini, mali inarudi lini. Nikaeleza marekebisho ya kwanza na sababu zake, na yaliyofuata na sababu zake. Mama mdogo alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa heshima. Dada yangu alimlaza mwanawe mapajani akaanza kumchambua nywele. Niliendelea kwa muda, maana sheria ile ina mengi, na nikahisi kwamba nikinyamaza kitatokea kitu.

Mjomba alisubiri nimalize. Alikuwa na kikohozi, akakohoa, akafuta mdomo. "Ahsante, mwanangu. Umesoma, na sisi tunajivuna. Sasa nijibu la kwangu mzee. Hiyo sheria mpya, baada ya kurekebishwa kote huko, inasema baba yako alime au asilime?"

Nikatafuta. Naapa nilitafuta kichwani, sehemu kwa sehemu, jinsi nilivyofundishwa.

"Haisemi," nikasema.

"Haimsemi kabisa?"

"Haimsemi."

"Basi sisi tutasema," akasema mjomba, bila ukali. Akaeleza kwamba desturi ni ile ile waliyoikuta: jembe likilala, mgeni ameaga. Hakuwa na ubaya na shemeji yake, na hakuna mtu atakayemfukuza. Lakini ardhi ya dada yake haiwezi kukaa mikononi mwa mtu asiyeilima, na wale wa maji wakirudi siku moja, wamkute mwenyewe wa kweli. Dada yangu angepewa kipande cha juu, kilichokuwa cha njegere, kwa ajili ya watoto. Kilichobaki chote, na nyumba, kingekuwa cha binti wa marehemu. Akaninyooshea kidole. "Ni yako. Ilipaswa kuwa yako tangu mama yako alipofariki. Tulikuwa tunamstahi baba yako."

Watu wakapiga makofi mawili matatu ya kukubali. Mama mdogo akanibusu kwenye paji la uso. Nilipaswa kusema nakataa, au kusema nampa baba, lakini mtu hampi mgeni ardhi ya ukoo, haiwezekani, na kila mmoja pale alijua haiwezekani. Nikasema nashukuru. Baba naye akasimama, akasema, "Nimesikia, na nimeridhika."

Nilipaswa kurudi mjini siku ile ile, kesho yake tulikuwa na kikao cha kupitia rasimu nyingine. Baba alinisindikiza mpaka bodaboda zinapoegesha. Njiani nikamwambia, "Baba, hakuna kilichobadilika. Shamba ni lako, nyumba ni yako, fanya unavyofanya siku zote."

"Sheria ikibadilika imebadilika, mama," akasema. "Si wewe unayetufundisha?" Akacheka kidogo. Akamwamuru dereva aende polepole kwenye kona.

Muda si mrefu baadaye, mtendaji wa kijiji alibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi. Kwa kuwa utaratibu mpya ulitaka mradi uanze upya tangu hatua ya wazo, maeneo yote yaliyowekewa alama yalikuwa huru mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Nilisoma nakala yake mjini, mezani kwangu, ikiwa imeletwa kwa taarifa tu. Niliisoma mara mbili, nikaiweka kwenye trei, nikaendelea na kazi. Jioni nikiwa nafua nikagundua kwamba nalia, na kwamba nimekuwa nikilia kwa muda. Sikujua kama ni kwa ajili ya baba au mama. Nikamaliza kufua, nikaanika.

Jumamosi nikapanda mlimani. Baba hakuwepo; jirani alisema amekwenda kumsaidia mtu kuvuna. Nikafungua nyumba, nikawasha moto, nikabandika magimbi, nikatoa mikeka nje ipigwe na jua. Majani ya shambani yalikuwa yamefika karibu na dirisha la jikoni. Niliwaza kwamba nitamwambia habari za tangazo akifika, ingawa lazima alishazisikia, na kwamba safari hii akiniuliza swali lake nitamjibu ndiyo.

Nikasikia mtu anabisha nje.

"Hodi."

"Karibu," nikasema, nikidhani ni jirani.

Hakuna aliyeingia. Nikatoka na mwiko mkononi. Baba alikuwa amesimama uwanjani, nje kabisa ya kibaraza, kofia mkononi, kikapu cha njegere miguuni. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia aingie, akasema ahsante, akavua viatu. Ndani hakukaa kwenye kiti chake. Alivuta kigoda, akakiweka karibu na mlango, akakaa na kuweka mikono magotini.

"Nimesikia zuio limeondolewa," akasema.

"Ndiyo, baba. Limeondolewa."

"Basi nimekuja na ombi." Alitazama sakafu alipokuwa anasema. "Vuli iko karibu. Kama utaona inafaa, nilikuwa naomba kipande cha bondeni, kile cha magimbi, nikisafishe. Si lazima chote."

"Baba, lima shamba zima."

"Ahsante. Bondeni kunatosha."

Nikasema tena shamba zima, nikasema kwa sauti kubwa mno, naye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba na hataki kukivuka. Magimbi yakaiva. Nikampakulia, nikammiminia chai, tukala bila maneno mengi. Akanisifia kwamba hayakuwa na maji mengi. Alipomaliza alinawa mikono, akashukuru tena, akabaki amekaa pale pale kwenye kigoda akitazama jua linavyoondoka uwanjani. Kisha akaniuliza alale wapi.